Kichwa cha Mkwe wa Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Buffalo kwa harusi ya binti mmoja wa kanisa letu la zamani, na kwa kuwa nilifika mapema nikapanda basi hadi mtaa wa Bailey nikaione nyumba yetu. Haipo. Wameibomoa, wamepanda nyasi, na katikati ya nyasi mtu amekwishatupa godoro. Nilisimama pale na viatu vyangu vya harusi, nimejaa hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, maana huwezi kugombana na nyasi. Wewe rafiki yangu unanijua, machozi yangu ni ya shida. Mimi nikiumia nanuna, na siku ile nilinuna mpaka bibi harusi akaniuliza kama nina neno na mume wake.

Ngoja nikueleze tulivyoishi. Tulikuwa wanne: bibi yangu, mama mdogo, mume wa mama mdogo ambaye nilimwita baba mdogo, na mimi. Mama yangu mzazi alifia katika kambi ya wakimbizi kabla hatujapata safari ya Marekani, hivyo mama mdogo ndiye aliyenilea. Baba mdogo alikuwa mzungu wa Kanada, wa upande ule wanaosema Kifaransa, na kazi yake ilikuwa kucheza hoki ya barafuni kwa kulipwa. Usifikirie wale wa kwenye televisheni. Kuna wachezaji ambao watoto huvaa majina yao mgongoni, halafu kuna kina baba mdogo. Timu inamchukua miezi miwili kwa sababu mtu kavunjika mguu, mguu ukipona inamwambia asante, naye anafunga begi lake anakwenda kuomba kwingine. Aliishi hivyo miaka kumi na moja, kutoka mji hadi mji, na wakati wote alikuwa akisubiri kitu kimoja tu: mechi moja katika ligi kubwa. Moja tu, alikuwa akisema, halafu nitakaa nyumbani ninenepe.

Walikutana Louisville, ghalani. Kiangazi barafu haimlishi mtu, kwa hiyo alikuja kukaa kwa rafiki yake huko na kupakia maboksi kwenye ghala ambako mama mdogo alikuwa akifunga vifurushi. Siku moja msimamizi aliwafokea wote wawili, kila mmoja akatukana chini chini kwa Kifaransa, yeye cha Kanada, mama mdogo cha Kongo, wakasikiana. Ndoa yao ilianzia kwenye matusi, na mpaka leo mama mdogo akisimulia habari hiyo anacheka peke yake.

Tulikaa Beechmont, mtaa wa huko huko Louisville, na kama kuna mahali nilipokuwa mtoto kweli ni pale. Jumamosi bibi alitwanga sombe, majani yetu ya muhogo, nyuma ya nyumba, majirani wa Kikongo wakifuata harufu mmoja mmoja na sahani zao, na baba mdogo akipiga mpira mgumu ukutani kwa fimbo yake ya hoki, pa, pa, pa, mpaka mtoto wa jirani analala kwa sauti hiyo. Bugali alikula kwa mkono, vibaya, akijichafua hadi kwenye kiwiko. Sisi watoto tulimcheka wazi, na yeye alizidisha makusudi.

Ila hakula na bibi hata siku moja. Kwetu milimani, mama mkwe hamtazami mkwe wake usoni, hali naye meza moja, hatamki jina lake, na mambo ya mwili wake hayaulizi kabisa. Mama mdogo alimweleza mumewe mara moja tu, na mzungu yule, ambaye kazini alikuwa akipigana ngumi mbele ya watu, akaishika desturi kuliko vijana wetu. Kabla ya kuingia jikoni alikohoa ili bibi apate kutoka. Theluji ilipoanguka alimfagilia njia kabla hajaamka. Bibi naye alimwachia sahani imefunikwa, nyama kubwa kuliko ya kila mtu, na kikombe cha maziwa. Walipendana hivyo miaka minne bila kusemezana, na sijaona tena mapenzi ya namna ile.

Kisha mwezi wa tisa mmoja timu kubwa ya Columbus ikamwita mazoezini kujaribiwa, nasi sote tukahamia huko kama kuku waliosikia mtama. Alidumu siku kumi. Wakampeleka timu yao ndogo ya mji mwingine, na sisi tukabaki Columbus msimu mzima katika nyumba ya ghorofa ambako hatukumjua mtu. Alikuwa na amri moja katika kila nyumba: hakuna misumari ukutani. Kwa nini utoboe ukuta wa watu wakati utaondoka? Picha za mama yangu zilikaa kwenye bahasha. Nilikuwa na umri wa miaka tisa nikichukia ukuta mweupe.

Kazi yangu alipokuja nyumbani ilikuwa kuanika vifaa vyake, maana bibi hakuweza kugusa nguo za mkwe. Nilitoa katika lile begi mapande makubwa ya kukinga mabega na magoti, glavu zilizolowa, fulana ngumu kwa jasho, nikavitundika barazani kando ya vitenge vya bibi. Harufu yake ilikuwa ya siki na mbwa aliyenyeshewa. Jirani wa chini alipanda kulalamika mara mbili, mara zote mama mdogo akamwitikia kwa tabasamu na kumfungia mlango. Leo nikipita karibu na uwanja wowote wa barafu nikaisikia harufu ile, moyo unalainika dakika moja, halafu hasira inarudi.

Buffalo ndipo yalipotukuta. Alipata mkataba wa majaribio na timu ndogo iliyo mwendo wa saa moja, ile inayoipa timu kubwa ya mjini wachezaji, na tukapanga ghorofa ya chini karibu na Bailey. Shule yangu ya tatu. Mwalimu wa huko alikuwa mama mpole aliyesifu mwandiko wangu mbele ya darasa, na mimi kwa kiherehere nikaanza kuandika herufi kama za kwenye kadi za harusi. Jumapili tulichukua mabasi mawili hadi mtaa wa Lower West Side, ambako kanisa letu la Kikongo liliazima jengo la Wamarekani saa za mchana.

Jumatano moja tulikuwa tukitazama mechi yake kwenye kompyuta ya mama mdogo, bibi akiwa ametupa mgongo kwa heshima lakini masikio yote yako kwetu. Mtu alimkumba baba mdogo akampigiza kichwa ukutani. Alilala. Akainuka, akaenda pembeni akaketi, na baada ya muda wakamrudisha uwanjani. Nasema wakamrudisha, ulisikie vizuri hilo neno.

Alhamisi alitapika. Alifunga mapazia, akavaa miwani ya jua sebuleni, akatia chumvi kwenye chai na kuinywa. Ijumaa alinipeleka shule kwa gari, na kwenye taa za barabarani akaniuliza, akicheka, nyumbani ni upande gani. Mimi wa miaka kumi na mmoja nikamwonyesha kwa kidole, na nilipotoka shule nikamsimulia bibi kama kichekesho. Alasiri ya siku hiyo simu ikalia. Wachezaji wawili wa timu kubwa walikuwa wameumia. Aje Jumatatu asubuhi asaini, Jumanne acheze.

Mama mdogo alipiga vigelegele mpaka wa ghorofa ya juu wakagonga sakafu. Alikaanga mikate, akacheza peke yake jikoni na kijiko mkononi. Baba mdogo aliniita pembeni, akashika kingo za mlango asiyumbe.

"Watu ya timu basijue mambo ya kichwa," alisema kwa Kiswahili chake alichokiokota kwetu. "Jumanne, mardi, ninacheza. Nyuma ya pale, nitaenda kwa docteur. Ni sawa?"

Nikasema ni sawa. Nikamwahidi.

Jumapili bibi alinivuta kwenye korido ya kanisa. Pale palikuwa na kisanduku cha karatasi za maombi. Unaandika shida yako kwa Kiingereza, na jioni wazee wa kanisa la wenyeji wanazisoma na kuziombea. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa bibi, kwa magoti yake, kwa ndugu waliobaki, kwa yote.

"Andika vile niko nasema, usipunguze kitu," alisema. "Mukwe wangu, mucheza hoki, anagonjwa kichwa. Anatapikaka. Anasahau njia ya nyumba. Mimi siwezi kumuuliza, mukwe haulizwake. Donc, basi, nitaulizia Mungu."

Niliandika. Na jina lake niliandika mimi, kwa kuwa bibi hakuweza kulitamka na mimi niliona Mungu asije akamponya mtu mwingine. Ahadi yangu niliikumbuka, usidhani niliisahau. Lakini nilikuwa nimeahidi kutowaambia watu wa timu, na karatasi hii ilikuwa ya Mungu. Nilipiga mstari chini ya neno kichwa, mara mbili, nikajivunia mwandiko.

Mmoja wa wazee waliosoma karatasi jioni ile alikuwa fundi wa kunoa viatu vya barafu vya timu kubwa. Mtu mwema, wanasema alisoma na kutoa machozi. Jumatatu asubuhi, kabla baba mdogo hajashika kalamu, mzee alikuwa amekwishampa kocha pole.

Walimwita kwa daktari. Walimwambia ataje miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi nyuma, akafika mwezi wa tisa akakwama. Kalamu haikutolewa. Walimwita mtu mwingine kutoka timu nyingine, akacheza Jumanne, nasi tukakaa na televisheni imezimwa. Unataka kujua walichompa? Karatasi moja yenye ushauri wa kupumzika. Mkataba wa majaribio ulipoisha hawakuuongeza, na hakuna aliyepiga simu kuuliza kichwa kinaendeleaje. Ndiyo maana mtu akiniambia wale walimwokoa namwomba aondoke mbele yangu. Wale walimwona amelala barafuni Jumatano wakamrudisha. Jumatatu hawakumhurumia, waliogopa kununua kitu kibovu.

Siku ile alirudi nyumbani akaingia jikoni bila kukohoa. Bibi alikuwa anachambua mboga za lengalenga, hakupata nafasi ya kutoka, akajifunika uso kwa kitenge. Mimi nilikuwa na sahani mikononi.

"Nani alibaambia?" aliuliza.

Mama mdogo alisema hajui, na alikuwa hajui kweli. Bibi alibaki ndani ya kitenge chake, na sidhani kama alielewa swali. Mimi niliziweka sahani mezani moja moja ili nionekane nina kazi.

Jumapili iliyofuata bibi alisimama kutoa ushuhuda, ana kwa ana na kanisa zima, akilia kwa furaha. "Mungu ametosha mukwe wangu, amemutoa kwenye barafu!" Watu wakaimba. Mama mdogo alinitazama pale kwenye benchi, akaelewa. Tulipokuwa tukingoja basi akanishika kidevu kwa nguvu.

"Donc ni wewe njo uliandika."

"I'm sorry," nilisema, maana hasira ya Kiswahili nilishindwa kuijibu kwa Kiswahili.

"Usimwambie baba yako mudogo. Hata siku moja. Unasikia?"

Na kama ningeweza kukuambia kwamba ile karatasi angalau ilimponya, ningelala vizuri. Majira ya baridi yaliyofuata alipata timu ndogo zaidi, katika mji ambao nimekataa kujifunza jina lake, na safari hii alijua kuficha. Alimchukua mama mdogo, akaniacha na bibi. Aligongwa tena, na tena. Bibi alifariki baadaye akiamini mkwe wake amepumzika kucheza, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia, na mimi nimemkasirikia hata yeye, marehemu wa watu, kwa kuwa na amani.

Sasa wako Louisville, chumba cha mapazia mazito. Mimi ninahudumia wazee kwa kazi, huko huko Louisville, na Jumamosi mama mdogo akiwa zamu ninakwenda kukaa na baba mdogo. Ana siku nzuri na siku mbaya. Sombe, majirani na sahani zao, mpira ukutani, kikombe cha maziwa kilichofunikwa, vyote vimebaki kichwani mwangu peke yangu, na mimi sikuomba kuwa stoo. Yeye vimemtoka. Kimoja tu hakijamtoka.

"Nani alibaambia?" aliniuliza mwanzoni mwa mwaka huu, kama vile ni Jumatatu ile ile. Nilikuwa nimechoka na kuogopa, nikamwambia: ni mimi, niliandika kwenye karatasi ya maombi. Aliinuka akanionyesha mlango. Nilitoka nje kwenye mvua nikajisikia mwepesi, nikasema basi, imekwisha, afadhali anichukie akijua.

Wiki mbili baadaye alinipokea kwa furaha, akanipa kiti, akaniuliza nani alibaambia. Nikamwambia tena. Siku hiyo alicheka mpaka akakohoa. Mara ya tatu alilia, akataja jina la ile timu, akalia tena. Mara ya nne aliniwekea mkono kichwani akasema, "Bon. Ulikuwa mutoto," na nilirudi nyumbani nikiimba ndani ya basi kama mjinga.

Jumamosi iliyopita alinimiminia kahawa, akaketi mbele yangu, akavua miwani.

"Nani alibaambia?"

"Ni mimi, baba mdogo," nikasema, nikaweka kikombe chini, nikangoja nione leo ataamua nini.