Nilivyowafungia Watalii Wangu Mlango

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nimeishia darasa la saba, nimebeba mizigo ya watalii Mlima Meru, na leo nina kampuni ya safari hapa Sekei. Tovuti yangu ina seva mbili, yaani kompyuta zinazoiendesha, na mbele yake kuna fayawoli inayozuia wezi na kuzigawia kazi, kama nilivyokuwa nikiwagawia wapagazi mizigo.

Mwezi uliopita nikaona seva zote zimeelemewa, tena na watu wa Ujerumani na Marekani. Nikamwita fundi wangu, Neema.

"Hawa wezi. Funga wote wa nje, wabaki Watanzania."

"Lakini bosi..."

"Funga, binti!"

Seva zikapoa. Baada ya wiki nikawaita wafanyabiashara wenzangu waje waone akili. "Tazameni, zimetulia kama ng'ombe walioshiba!"

Wakiwa wanapiga makofi, shemeji yangu akapiga simu kutoka Ujerumani. Nikaweka spika, wasikie nina watu Ulaya.

"Shemeji, tovuti yako huku haifunguki kabisa. Watalii wanauliza kama umefilisika."

"Kumbe wezi ndio wateja!" akasema mmoja, wakaangua kicheko.

Kundi la watalii waliotaka kupanda Meru nami lilikuwa limeshahamia kwa kampuni nyingine, pamoja na shilingi milioni kumi na nne, laki mbili na elfu sitini ambazo zingekuwa zangu.