Vikeki vya Lozi vya Mpishi wa Meli

Mto ulipofurika upande wa Ahero, wazazi wangu walikuja kukaa kwangu Kisumu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa bado, nimepanga nyumba ya vyumba viwili Manyatta, na jiko dogo la mabati nyuma yake. Maji yaliingia bomani kwetu Kano asubuhi yenye jua, mvua ikiwa imeshakatika, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amejiandaa. Nyumba kubwa ilisimama. Jiko la mama, la udongo na nyasi, lililowa kuanzia chini, likaketi polepole mpaka paa likagusa maji. Mama alifika kwangu na kuku wake, kinu chake na mchi. Baba alifika na sanduku lake la chuma la kazini.

Baba alikuwa mpishi. Miaka yake ya nguvu aliimalizia ndani ya meli iliyozunguka ziwa, kutoka Kisumu hadi bandari za Uganda, Bukoba, Mwanza na kurudi, akiwapikia abiria wa daraja la kwanza. Alianza kwa kumenya viazi, akastaafu akiwa mkono wa kulia wa mpishi mkuu, Mgoa mmoja aliyekuwa amewahi kupika katika meli za Wafaransa. Lakini sisi watoto hatukuwahi kumwona baba ameshika mwiko. Akija likizo aliketi sebuleni, akaletewa chakula kama baba mwingine yeyote. Jikoni kwa mama hakuingia hata kuchukua kaa la kuwashia sigara. Alisimama nje akaita, akaletewa. Tuliona ni kawaida, kwa sababu baba za wenzetu nao hawakuingia jikoni.

Kwangu mambo yalibadilika. Mama ni mtu wa mipaka. Kwake jiko ni la mwenye nyumba, na mwenye nyumba nilikuwa mimi, kwa hiyo hakuhamisha hata kijiko bila kuniuliza. Nikienda shule aliketi nje akichambua mboga za osuga na dek, akanisubiri nije kupika. Baba alivumilia siku chache. Halafu alasiri moja nikarudi nikamkuta jikoni kwangu, mikono ya shati imekunjwa, amejifunga aproni yake nyeupe ya melini, anageuza ngege kwenye mafuta. Nje, mama alikuwa amegeuza kigoda chake akaitazama barabara.

Siku hiyo mama hakula samaki. Alisema ameshiba. Kesho yake baba alipika tena, na mama akasema tumbo halimwendi sawa, kisha nilipopika ugali mimi mwenyewe akala vizuri sana. Baada ya hapo, kila nikimwekea sahani aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo dogo, kama nimepika mimi. Nikisema ni baba, aliifunika sahani na kuisukuma pembeni.

Nilimuuliza baba kulikoni. Alikuwa akiosha sufuria, hakugeuka.

"Mama yako hajala chakula changu hata siku moja tangu nimwoe," alisema. "Nimewalisha watu nisiowajua majina, wa kila taifa. Yeye hajaonja. Safari hii ataonja."

Nilimwambia asimsumbue, kwani hasara ya mafuriko ilimtosha. Akasema hatamsumbua, atapika tu. Samaki na mboga alikubali kwamba amekosea kuanza navyo, kwa sababu hivyo ni vyakula vya mama, na mtu hawezi kushindana na mwanamke kwa chakula chake. Angepika kitu ambacho hakikuwa cha jiko la mtu yeyote kule kwetu: vikeki vidogo vya lozi vya Kifaransa, vyenye matunda juu. Mgoa alimfundisha kwa sababu ya ute wa mayai. Melini walitumia viini kutengenezea kastadi, na ute ulibaki bakuli kwa bakuli, na Mgoa hakupenda kumwaga kitu. Ute huo, lozi zilizosagwa, sukari, unga kidogo wa ngano na siagi, vikawa vikeki vya chai ya saa kumi. Baba alisema kwamba katika kazi yake yote, hicho ndicho kitu alichokipika mpaka Mgoa akaacha kukagua.

Jumamosi nilikwenda dukani kwa Mhindi mmoja aliyeuza viungo karibu na soko, nikanunua lozi. Aliniuliza kama tuna arusi. Nilisema ni baba yangu anataka kupika, akacheka, akanichotea zile nzima badala ya zilizovunjika. Kwa matunda hatukwenda mbali. Jirani yetu wa nyuma, mama mmoja mfanyabiashara aliyetoka mkoa wa kati na kuuza viazi sokoni, alikuwa na mforosadi uliolala juu ya ua wetu. Forosadi zilianguka upande wetu zikiwa zimeiva, na watoto wa mtaa walitembea na midomo ya zambarau. Nilipomwomba bakuli moja alikubali, ila akasema na yeye lazima aonje.

Shida ilikuwa moto. Melini baba alikuwa na tanuri la chuma linaloshika joto kila upande. Mimi nilikuwa na jiko la makaa. Alikwenda kwa fundi wa koroboi karibu na stendi ya mabasi, akasimama naye mpaka akamtengenezea vibati vidogo vya mstatili kutokana na debe la mafuta ya kupikia. Akachukua sufuria yangu kubwa, akatandaza mchanga ndani, akapanga vibati juu ya mchanga, akafunika kwa mfuniko bapa na kuweka makaa juu yake.

Lozi tuliziloweka katika maji ya moto tukazimenya, zikaachwa juani zikauke. Zilihitaji kutwangwa, na kinu kilikuwa cha mama. Baba hakukigusa. Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba. Mama aliniangalia, akaniangalia tena, akasema kinu kiko pale, na kwamba nikikirudisha kisinuke mafuta. Baba aliyeyusha siagi akaiacha motoni mpaka ikageuka rangi ya kahawia na kunukia kama karanga zikikaangwa. Harufu hiyo ilitoka jikoni ikaenda barabarani. Watu waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Mama alifunga kitambaa chake kichwani upya na kuendelea kuketi.

Vya kwanza viliungua chini na kubaki uji juu. Tuliwapa kuku. Baba aliongeza mchanga, akapunguza makaa ya chini, akasubiri wiki iliyofuata. Vya pili viliiva lakini vikang'ang'ania vibati mpaka tukavitoa kwa vipande, kwa sababu bati lilikuwa jipya na hakuwa amelichoma kwa mafuta kwanza. Alijilaumu kwa hilo siku nzima. Majirani walianza kusema. Mwalimu mwenzangu aliniuliza shuleni, kwa upole, kama mzee wangu yuko sawa tangu mafuriko, maana ameonekana akipepea makaa kama msichana. Nilirudi nikiwa na hasira, si kwa mwalimu tu bali kwa baba pia. Nilimwambia kuna njia fupi: tukifaulu, nitamwambia mama nimepika mimi, ale, na jambo liishe.

Baba aliweka kipepeo cha makaa chini.

"Hapana. Akila, ajue ni mkono wangu. La sivyo nimemlisha uongo."

Jioni ile niliketi na mama nje, nikamuuliza waziwazi. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akanisimulia jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema nyumbani kwetu. Mwaka alioolewa alishikwa na malaria, hawezi kuinuka, na baba akiwa likizo akaingia jikoni akampikia uji. Dada mkubwa wa baba, shangazi yetu tuliyemwita waya, akaingia bomani ghafla akamkuta. Hakusema lolote pale. Alikwenda kusema sokoni. Mpaka Awasi, alikoolewa waya, watu wakajua kwamba kuna bibi arusi Kano amemfanya mumewe mwanamke, kwamba Wazungu wamemfundisha mume upishi na mke sasa anavuna. Wanawake waliacha kumsalimu kisimani. Mama alipopona aliapa kwamba hakuna atakayepata tena cha kumsema, si yeye wala mumewe.

"Baba yako anafikiri nachukia chakula chake," alisema. "Uji ule sikuuonja. Mpaka leo sijui ulikuwa na ladha gani, kwa sababu niliumwaga aliponiambia waya amemwona."

Nilimuuliza kama naweza kumwambia baba. Akasema baba anajua, ila wanaume husahau upesi mambo ya kisimani.

Jumamosi iliyofuata baba alivichoma vibati kwa mafuta, akaviacha vipoe, akavipaka tena. Aliyapunguza makaa ya juu kwa koleo, kaa moja moja, akiinua mfuniko na kuinama kusikiliza. Alisema keki ikiwa mbichi huwa inazungumza, ikiiva inanyamaza. Alipovitoa vilikuwa na ukingo wa kahawia, vimeinuka katikati, na kila forosadi imezama kidogo na kuacha doa la zambarau kuizunguka. Vilitoka kwenye vibati kwa kugongwa tu. Baba alivipanga kwenye sahani, akavua aproni, akanawa mikono. Ndipo tuliposikia hodi mlangoni, na sauti niliyoijua.

Alikuwa waya. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Awasi kutupa pole ya mafuriko, amebeba mtama na kuku. Alikuwa mzee sasa, anatembelea bakora, lakini macho yake yalikuwa yaleyale ya kuhesabu vitu vya watu. Mama alimkaribisha, akamtandikia kiti sebuleni, wakaomba, wakazungumza habari za maji na za ng'ombe waliopotea. Nilikwenda jikoni kumwambia baba abaki, nitaleta chai mimi. Vikeki tungevila baadaye.

Baba alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akajifunga tena aproni. Akachukua sahani kwa mkono mmoja, kitambaa cheupe kimekunjwa juu ya mkono wa pili, kama alivyokuwa akiingia chumba cha chakula cha abiria, akatembea wima mpaka sebuleni. Nilimfuata na birika.

Waya alimtazama kuanzia aproni hadi miguu. Tabasamu likaanza kumjia upande mmoja wa mdomo.

"Ndugu yangu," alisema, "bado unawapikia wanawake?"

Baba alisimama pale na sahani yake. Aliinama kidogo kumkaribia mgeni, kama ilivyo adabu, akampa nafasi achague. Mkono wa waya haukuinuka. Alikuwa akimtazama mama sasa, akingojea aone aibu itajificha wapi.

Mama aliinuka kwenye mkeka.

"Nipe mimi kwanza," alisema.

Alichukua kikeki kimoja, akaketi kwenye kiti, si kwenye mkeka, akakila mbele yetu bila haraka. Juisi ya forosadi ilimpaka kidole, akakilamba. Alipomaliza alichukua kingine, akakiweka kwenye kiganja cha waya na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Mume wangu ndiye aliyepika," alimwambia. "Kula, wifi."

Waya alikula. Sikuona kama alikipenda, maana hakuinua uso. Aliomba chai, tukamimina, na mazungumzo yakarudi kwenye ng'ombe. Alipoondoka mama alimsindikiza hadi stendi, akamfungia vikeki viwili kwenye karatasi, na sijui kama aliyaacha kwetu yale maneno ya zamani au aliondoka nayo kama alivyokuja nayo. Sikumsikia tena akisema kitu juu ya baba, na mama hakuuliza.

Jioni hiyo mama alimwambia baba kwamba vikeki vyake vilikuwa vibichi ndani. Baba akasema si vibichi, ndivyo vinavyotakiwa kuwa, vyenye unyevu. Mama akasema unyevu ni unyevu na ubichi ni ubichi, na yeye amepika tangu utotoni. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Sikuwahi kuwasikia wazazi wangu wakibishana juu ya chakula, na niliketi kimya nisije nikawakatiza. Jirani naye alipata vyake, akasema vingekuwa vitamu zaidi vikiwa vikubwa.

Tope la Kano lilipokauka walirudi nyumbani. Mama alijengewa jiko jipya mahali palepale pa lile la kwanza. Alimwambia baba kwamba akitaka moto wake ajenge jiko lake, nyuma ya ghala, ambako wapita njia hawataona. Baba alijenga, lakini si nyuma ya ghala. Alilijenga mbele, mlango ukitazama njia ya kisimani, na ndani yake akaweka tanuri la udongo alilolifinyanga mwenyewe. Nilifika likizo nikitarajia vita. Nilimkuta mama amepiga magoti, mikono imezama hadi viwiko katika udongo na mavi ya ng'ombe, anazikandika kuta za jiko la baba. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka kisimani walisimama na mitungi yao kumsalimu. Aliwajibu, akawaeleza tanuri ni la nini, na kuendelea kusawazisha ukuta kwa kiganja.

Samaki, ugali na mboga vilibaki vya mama, na baba hakujaribu tena kuvigusa. Lakini kila nilipotaka kwenda nyumbani, mama alituma salamu kwa kondakta wa basi la Ahero kwamba nisisahau lozi, na ninunue zile nzima.