Fundi wa Mota na Bangili Isiyofunguka

Yote yaliyomo humu yametokea, na yametokea hivi hivi yalivyoandikwa. Mwandishi yuko tayari kuapa kwa kitabu chochote atakacholetewa, ameketi au amesimama, na asiyeamini ateremke mwenyewe Nakivubo aulizie banda la Yasiin, fundi wa kusuka upya nyaya za mota zilizoungua.

Saa saba na nusu mchana, Alhamisi. Yasiin ametoka kuswali na amekalia kiti cha gari ambalo lenyewe halipo tena duniani. Mbele yake kuna mota ya pampu ya maji, tumbo wazi, koili zake zimeungua hadi zimekuwa nyeusi tii. Haigusi. Ameshika bangili ya shaba iliyokamilika kila mahali isipokuwa pale ncha mbili zinapokutana, na kwa nyundo ndogo anagonga kipande cha waya kisichozidi ukucha.

Mwenye pampu amesimama mlangoni.

"Fundi, na hii yangu?"

"Yako iliungua wiki mbili nyuma, ssebo, ukalala nayo nyumbani," anajibu bila kuinua uso. "Nusu saa haitaiua."

Kipande anachokigonga ni kishikizo, yaani kile kidude kinachofunga na kufungua bangili. Hiki ni cha kumi na nane. Vilivyotangulia, ukitoa kimoja kilichopotea, vimelala chini ya kiti chake, vimepinda kila kimoja kwa namna yake. Saa tisa mkewe, Maimunah, atafika kutoka nyumbani kukijaribu. Kikifunguka, Jumamosi atavaa bangili hiyo mjini Bombo, kwenye harusi ya binti yao Lailah, mbele ya wanawake wa koo zote mbili. Kikigoma, ataivaa ya kuazima kwa dada yake Rukiah, na Yasiin atakaa harusi nzima akiitazama ikimetameta kwenye mkono wa mkewe.

"Mimi si mtu wa kuogopa," anasema. "Umeme ilinipiga mara nne. Lakini hii kidude inanitisha."

Yasiin ana miaka hamsini na minane. Ni Mnubi wa Bombo, babu yake alikuwa askari, baba yake dereva wa lori. Yeye alishika waya wa shaba akiwa na miaka ishirini na saba na hajauachia tangu hapo. Zamani alikuwa akisuka mota sita kwa wiki. Siku hizi zikiwa mbili anashukuru, kwa sababu mota mpya za bei rahisi zimejaa madukani na watu wengi huona heri kutupa kuliko kutengeneza. Kusuka mota ya pampu humwingizia shilingi elfu tisini, ukitoa waya na vanishi.

Muda uliobaki ndio uliomleta kwenye urembo, yeye na kukatika kwa umeme.

Mwaka juzi aliitwa Namuwongo, karibu na reli, kutazama mota ya mashine ya kusaga. Umeme ukakatika. Akakaa kungoja kwenye ubaraza wa jirani, ambako mama mmoja wa Kikongo, Marie-Jeanne, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa akizungushia waya kwenye shanga kutengeneza hereni. Yasiin alivumilia dakika kumi. Ya kumi na moja ikamshinda.

"Nilimwambia, mama, hiyo waya yako umeilegeza. Mota ingekuwa imeshaungua."

Marie-Jeanne analikumbuka neno hilo. "Nikamupatia koleo. Nikamwambia, basi, Papa, funga wewe."

Akafunga. Umeme uliporudi hakusikia. Mwenye mashine alikuja kumwita mara tatu, na kwa mujibu wa watu wa pale mahindi yaliyokuwa kwenye foleni yalianza kuota.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa alasiri hufunga banda na kwenda Namuwongo kujifunza. Hauzi kitu. Hereni na pete zake huwagawia majirani, na akiulizwa bei hukasirika kidogo. Marie-Jeanne, ambaye urembo ndio unaomlipia kodi ya nyumba, humwita mwanafunzi ghali: halipi ada, anakunywa chai mbili, kisha anamfundisha mwalimu.

"Lakini mukono yake iko mizuri," anakiri. "Inahesabu yenyewe."

Mkono huo ndio uliomponza.

Baada ya miezi mitano ya kujifunza, Yasiin aliamua kumtengenezea Maimunah bangili. Hakumuuliza Marie-Jeanne. Alichukua waya mnene uliotoka kwenye mota ya mashine ya kusaga, akamkalisha mkewe uani baada ya chakula cha mchana, akamwambia anyooshe mkono. Fundi wa mota huzungushia waya kwenye kalibu ya mbao. Siku hiyo kalibu ilikuwa kifundo cha mkono wa Maimunah.

Alizungusha mizunguko arobaini na minne, mmoja ukibanana na mwenzake, hakuna uliopanda juu ya mwingine. Akafunga kwa uzi wa pamba kama afungavyo koili, akapaka vanishi, akamweka juani mpaka ikakauka. Maimunah anasema ilipendeza. Aligeuza mkono huku na huku, akaenda kumwonyesha Rukiah, akarudi.

Kisha ikaadhiniwa alasiri. Maimunah akaenda kuchukua udhu, akataka kuvua bangili maji yafike kwenye ngozi, na bangili ikakataa. Haikusogea wala kuzunguka.

"Nikamwita. Baba Lailah, njoo toa kitu yako. Akaja, akaivuta mara moja, akaiachia. Hapo nikajua."

Koili ya mota haitakiwi kutoka. Ikilegea hata kidogo hutetemeka, nyaya husuguana, mota huungua na mteja hurudi na maneno. Kwa miaka karibu thelathini Yasiin alikuwa hajawahi kumaliza kazi huku akifikiria jinsi itakavyofunguliwa. Wazo hilo halikumjia akilini, kama vile mwashi asivyofikiria namna ya kubomoa ukuta anaoujenga.

Wakaja majirani kumi na mmoja, mmoja wao na msumeno wa chuma wa kukatia reli. Wengine walishika bega, wengine kiwiko. Redio ya nyumba ya pili, Maimunah alipopitishwa karibu nayo, iliacha taarifa ya habari ikaanza kupiga muziki wa Juba. Mwishowe Yasiin mwenyewe alichukua koleo la kukatia na kukata kazi yake, mzunguko mmoja baada ya mwingine, mpaka yote ikadondoka ndani ya beseni la udhu.

Maimunah aliiwahi swala yake. Alipomaliza alisema jambo moja tu, kwamba hatavaa tena kitu chochote kilichotoka kwenye mikono hiyo mpaka akione kinafunguka, kwa mkono mmoja ulioloa maji, mbele ya watu.

Habari ilifika Bombo kabla ya Magharibi. Mashemeji wakampa Maimunah jina la Mota, na mpaka leo akiingia kwenye sherehe kuna atakayeuliza kama amechomekwa kwenye umeme au bado.

"Wao wanacheka mimi," anasema. "Yeye yuko Nakivubo, hasikii. Mimi ndio nasikia."

Yasiin alipokwenda kumweleza mwalimu wake yaliyotokea, Marie-Jeanne aliweka koleo chini kwanza.

"Papa Yasiin, ile haikukuwa bangili. Ile ni pingu ya polisi. Urembo inapashwa ijue kutoka."

Kuanzia hapo hakumruhusu kutengeneza kitu kingine ila vishikizo. Alikuwa akimpaka sabuni vidoleni, anamfunga bangili mkono wa kulia, anamwambia afungue kwa wa kushoto. Cha kwanza kilikwama. Cha nne kilifunguka chenyewe barabarani na bangili ikaliwa na mtaro. Cha tisa kilimchana Marie-Jeanne kidole. Yasiin alikuwa anavifunga imara mno au, kwa hasira, anavilegeza mno. Cha kati hakukijua.

Kilipofeli cha kumi na saba, wiki tatu zilizopita, Marie-Jeanne alimuuliza swali ambalo hakulitegemea.

"Bibi yako, kila siku anafungua nini?"

Hakujua. Ameishi na Maimunah miaka ishirini na tisa na hakujua. Akarudi nyumbani, akakaa sebuleni akijifanya anasoma, akawa anautazama mkono wa mkewe. Maimunah alidhani ni mgonjwa.

Alichokiona jioni ile ni mkewe akifungua sanduku lake la bati, lile aliloingia nalo kwenye ndoa, anamoweka magauni yake ya gomesi na karatasi za nyumba. Komeo lake ni bovu, na watu wote wa nyumbani wakitaka kitu humwita yeye alifungue. Namna anavyolifungua, Yasiin hakutaka kumwambia mwandishi.

"Hiyo ngoja mwenyewe afike."

Lakini aliona jambo la pili. Ndani ya sanduku, juu ya nguo, kulikuwa na kopo la samli. Akauliza ni la nini. Maimunah akampa afungue. Vilikuwamo vile vipande vya bangili iliyokatwa, vimeoshwa, vyote.

"Nikauliza, unaweka hizi za nini? Akasema, si ni zangu? Ulinipa."

Bangili iliyo mkononi mwake leo imetokana na vipande hivyo. Kila kimoja amekizungusha kikawa pingili fupi yenye tundu huku na tundu huku, na pingili zimeshikana kama mnyororo. Vipande vilivyobaki bado vimo kwenye kopo, juu ya meza, kando ya pampu.

Saa tisa kasoro Maimunah anaingia, ana mfuko wa chakula na ana haraka. Anamsalimia mwenye pampu, ambaye sasa amekaa chini na hadai tena. Anasalimiana na mafundi watatu wa banda la jirani waliosogea bila kuitwa. Kwa kuwa mumewe ameomba dakika tano za mwisho, mwandishi anamsomea alichokwisha kuandika, kama ilivyo desturi, ili mtu ajue ataonekanaje gazetini.

Anasikiliza amefumba macho. Kwenye mizunguko ya waya anayafumbua.

"Ngapi?"

"Arobaini na minne."

"Baba Lailah, nipe kopo."

Anamimina vipande mezani na kuvipanga kwa kidole. Kumi na saba. Kisha anahesabu pingili za bangili bila kuichukua mkononi mwa mumewe. Tisa.

"Kumi na saba hapa, tisa pale. Ishirini na sita. Hizo zingine, mzee wa magazeti, ulizitoa kwa nani?"

Mwandishi anaeleza kwamba huenda alisikia vibaya. Maimunah anauliza pia kuhusu majirani kumi na mmoja, maana siku ile uani walikuwa watu wawili, yeye na mumewe, pamoja na kuku. Msumeno haukuwapo. Redio ya nyumba ya pili ni mbovu tangu kabla ya korona.

"Nitafuta," anasema mwandishi.

"Usifute. Acha hivyo hivyo, watu waone." Anamgeukia mumewe. "Umemaliza?"

Yasiin amemaliza. Anamnyooshea bangili, lakini Maimunah haipokei.

"Mvalishe huyu. Si anajua kila kitu? Aifungue kwa mkono mmoja. Ikimshinda, atununulie roleksi za chapati na mayai, sote tulio hapa."

Ilikuwa bangili nyepesi, yenye joto la mkono wa fundi. Kishikizo kikaingia kwa sauti ndogo. Mwandishi akamwagiwa maji vidoleni na mtu wa pampu, akaambiwa aanze.

Mwandishi alivuta. Haikutoka. Alivuta kwa kucha, akavuta kwa kidole gumba, akaigeuza akavuta upande wa pili, na kadiri alivyovuta ndivyo ilivyozidi kushika. Mafundi watatu walianza kuulizana wanataka mayai mangapi. Yasiin hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza na kuitazama bangili kama mtu anayesikiliza mota iliyowashwa mara ya kwanza.

"Basi," akasema Maimunah. "Lete mkono."

Akalowesha mkono wa kushoto. Akaweka kiganja juu ya kishikizo na kukibonyeza chini, ndani kabisa, upande usio wa kutokea, na bila kuacha kubonyeza akapitisha kidole gumba kando. Bangili ikaanguka mezani.

Maimunah akaiokota, akaigeuza, akakitazama kile kidude kwa karibu.

"Hii ni sanduku yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe hujawahi kuifungua hata siku moja."

"Nilikuangalia."

Akaivaa mwenyewe. Akaifungua tena, akaivaa tena. Mara ya tatu hakuifungua. Alimwambia mumewe ale chakula kabla hakijapoa, akamkumbusha kwamba kesho ni Ijumaa na Namuwongo hakuna kwenda, kuna viti vya kupeleka Bombo, akatoka nayo mkononi kuelekea kituoni.

Yasiin akavirudisha vipande kumi na saba kwenye kopo. Anasema harusi ikipita atavifanya mkufu, kishikizo kikae nyuma ya shingo, mahali ambapo mtu hafungui kwa macho. Hajui bado kitafunguka vipi. Itabidi aangalie tena.

"Sasa nina kazi," anasema, akivuta pampu karibu. Mwenye pampu anamwambia asiwe na haraka, roleksi inakuja.

Zilikuwa roleksi sita, mayai mawili mawili, moja bila kitunguu. Mwandishi amelipa. Mizunguko ilikuwa ishirini na sita.