Mkono Usio na Mwavuli

Ukuta wa mbele wa hospitali uko kimya sasa. Zamani ulikuwa na mluzi, kwa kuwa Fundi Mluzi, mchoraji wa matangazo, hakuweza kupaka rangi akiwa amefumba mdomo. Kilichobaki ni mkono mkubwa wa buluu, vidole vimekunjwa kushika mpini wa mwavuli ambao haupo. Wapita njia husema kampuni ya bima imeanza kuombaomba.

Alianza kazi hiyo kampuni zilipokuwa nyingi na ndogo. Hii ilitaka achore ngao, ile mwavuli, nyingine mkono. Zilimlipa kwa kadi ya matibabu, naye akaridhika. Kisha zikaanza kumezana. Mkono ukaimeza ngao, halafu ukafunga ndoa na mwavuli, na kila harusi Fundi alipanda ngazi kumfuta marehemu.

"Wao wanakula wenzao, mimi nakula rangi," alimwambia mkewe.

Siku alipomaliza kuchora mkono wa nembo mpya, kabla hajaupa mwavuli wa kushika, ngazi ikateleza, akavunjika mguu.

Binti wa dirisha la malipo hospitalini aliigeuzageuza kadi yake kama samaki wa juzi. "Mzee, kampuni hii haipo tena."

"Si imemezwa na hii ninayoichora hapo nje?"

"Imemezwa, ndiyo. Ila wateja wake hawajapokelewa. Mpaka uzinduzi wa kampuni mpya."

"Mwanangu," mkewe akadakia, "umeona wapi chatu akameza mbuzi, kisha akazikana kwato?"

Daktari alisema mguu utiwe chuma upesi, la sivyo utaunga upande.

Meneja wa kampuni akaja wodini, viatu vinang'aa, mikono mitupu. "Pole sana, Fundi. Mwavuli utakuwa tayari lini?"

"Uulize mguu."

"Basi mkabidhi mwenzako brashi."

Kwa wachoraji wa mji ule, kazi ya mtu haiguswi mpaka mwenyewe akabidhi brashi. Meneja alikuwa ameshawazungukia wote, akaambulia vicheko.

"Nitaikabidhi nikiwa nimesimama," Fundi akasema. Mkewe akaisukuma brashi chini ya mto.

"Uzinduzi kwanza, mama," meneja akasema. "Mguu utafuata."

"Utafuata wapi, baba, na hautembei?"

Wakavutana hivyo, huku mfupa, usiojua mambo ya ofisini, ukijiunga wenyewe upendavyo. Kabla upande mmoja haujalegea, ikatokea kampuni kubwa zaidi, ya mbali, ikameza mkono, mwavuli, meneja na viatu vyake. Hawa wapya hawakuwa na haja ya kuta. Walitaka watu wapige simu. Mkewe akapiga. Simu ikamwimbia muziki mtamu, akausikiliza hata akawa anauimba jikoni bila kujijua. Hakuna aliyepokea. Daktari alipoupima mguu tena, alisema umeshaunga upande.

Siku hizi Fundi Mluzi anauza rangi katika duka linalotazamana na ukuta ule, mguu uliopinda ameunyoosha juu ya kopo. Brashi ile anayo mfukoni.