Ti-Flavi Kwenye Mwamba wa Kusini

Tangu mashua ya mdogo wake Rolan ilipopotea baharini naye akiwemo, Elvina Morel alikula, akalala, akaenda kazini kama kawaida, na watu wa kijiji cha Anse Boileau wakamsifu kwamba amejikaza. Hakuwa amejikaza. Hakuona ndani yake kitu cha kukaza. Na matanga hayakuwekwa, kwa kuwa mama yao, Bi Flavi, alikataa katakata mwanawe asomewe misa.

"Padri atamwombea nani?" alisema. "Nionyesheni kwanza."

Kazi ya Elvina ilikuwa kwenye meli ya utafiti, iliyozunguka miamba ya kilindini kusini mwa kisiwa cha Mahe kuangalia ni samaki gani waliobaki. Kamera ilifungwa kwenye fremu ya chuma pamoja na mfuko wa chambo, winchi ikaiteremsha kwa kebo hadi chini kabisa, ikaachwa huko saa nzima. Elvina alikaa mbele ya skrini akitaja kwa sauti kila samaki aliyepita, na sauti yake ikirekodiwa.

Siku hiyo bahari ilikuwa shwari. Nahodha Barallon, mzee mwenye kitambi aliyemjua Elvina tangu utotoni, aliingia na chai mbili.

"Vina, hao chewa wako wamekuzoea. Siku hizi wanakusalimia kwanza, ndipo wanapokula."

"Wana adabu kuliko mabaharia wako," Elvina akajibu. Alijua ni mahali pa kutania, basi akatania.

Fremu ikatua, vumbi likatimka. Lilipotulia, samaki wekundu waitwao bourzwa wakaja kundi zima wakigombea chambo. Nyuma yao palikuwa na kitu kilichonyooka, na mwambani hakuna kinachonyooka. Mkondo ukaigeuza fremu kidogo. Ubavu wa mashua ukaonekana, rangi ya manjano, na herufi ambazo Rolan aliziandika kwa mkono wake mwenyewe, V ikiwa imelala upande: TI-FLAVI, yaani Flavi mdogo, jina la mama yao.

Barallon akaweka kikombe chini.

"Tuiinue kamera, mwanangu?"

"Saa haijatimia."

"Vina. Ile ni mashua ya..."

"Naiona, nahodha. Chewa mmoja, anatoka kwenye kibanda cha usukani."

Akaendelea hivyo hadi mwisho. Changu. Bourzwa wawili. Chewa yuleyule tena, asihesabiwe. Baadaye, rekodi ilipochezwa ofisini, wenzake walitoka nje mmoja mmoja, kwa jinsi sauti ile isivyotetereka hata mara moja.

Jioni ile walipofika bandarini, Elvina hakupitia popote. Alimkuta mama yake jikoni akikwaruza papai bichi la kutengenezea chatini.

"Mama, tumeiona mashua. Iko chini, kilindini. Wapiga mbizi hawafiki."

Bi Flavi hakuacha kukwaruza. "Na yeye?"

"Yeye hatukumwona."

"Rangi ingalipo?"

"Ubavuni ipo."

"Nilimwambia apake rangi mara mbili," mama akasema. "Akaniona mshamba." Kisha akaketi kwenye kigoda, papai mkononi, akalia kwa sauti hadi majirani wakaja. Elvina alimshika mabega. Aliangalia maji ya papai yakichuruzika kwenye gauni la mama yake, akawaza kwamba doa lile halitatoka.

Misa ilisomwa. Watu walijaa mpaka uani, wakapikiwa mchuzi wa pweza wa nazi. Elvina alikula sahani mbili, akarudi nyumbani, akalala mpaka mchana wa siku ya pili.

Mwaka uliofuata, walipopanga safari, Barallon alitaka kuuruka mwamba ule.

"Ramani nitairekebisha mimi," alimnong'oneza. "Hakuna atakayeuliza."

"Usirekebishe. Twende."

Wakaenda. Kibanda cha usukani kilikuwa kimeporomoka, rangi imefunikwa na matumbawe machanga, na samaki walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Elvina aliwataja. Katikati ya saa sauti ikamkwama. Akakohoa, akaomba maji, akanywa. Barallon alijifanya anatazama dirishani.

"Bourzwa watano," Elvina akasema, na kazi ikaendelea.