Sitini Kwenye Kona

Bwana wa mradi alikuwa na ugonjwa wa kutazama kona. Ukimwonyesha mchezo wowote wa kwenye simu, macho yake yalikimbilia juu kulia, kwenye ile namba inayosema picha inachorwa mara ngapi kwa sekunde, yakaganda huko. Ikisoma sitini, alitabasamu. Ikishuka, alinuna kama kaibiwa. Nilimdharau tangu siku ya kwanza, wala sikujipa taabu ya kuficha. Mtu kaalikwa harusini, anaacha bibi harusi na pilau, anakaa kukodolea macho mita ya umeme.

Mchezo niliutengeneza mimi, hapa Kibiti, katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Unachezwa kwenye kivinjari, hupakui kitu. Unakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachojenga mashambani, unaamia ndege wasimalize mpunga. Ndiyo kazi aliyoifanya mama yangu kule deltani utoto wangu wote, kwa kombeo na sauti, mpaka bega lilipomkatalia akahamia Mtawanya kwa dada yake. Mradi ulitaka wanafunzi waucheze, sawa. Mimi nilikuwa namtengenezea mama, na nilitaka ndege waje kama walivyokuwa wakimjia yeye, kundi zima, mpaka mpunga hauonekani.

Kundi lina gharama yake. Likitua, simu ndogo inahema na namba inashuka. Tena namba yenyewe haisemi yote, maana ni wastani. Sekunde nzima inaweza kusoma vizuri huku picha moja ndani yake imekwama, na mchezaji akauhisi mkwamo ule kidoleni. Kwa hiyo chini ya namba niliweka vijiti vidogo, kila picha na kijiti chake, na picha iliyochelewa ikatoa kijiti kirefu chekundu. Nilimweleza bwana yule taratibu, kama unavyomlisha mgonjwa uji. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaniambia nivipake kijani.

Nilidhani anatania. Wageni wanaokuja kuukagua mradi hawapendi wekundu, alisema.

Kijani hakikusaidia, kwa kuwa namba iliendelea kushuka kila kundi likitua. Basi akaagiza nipunguze ndege. Nikapunguza, akaagiza tena, na tena, tukafika ndege watatu. Mtu ambaye hajafika hata Ndundu akautazama mto ndiye aliyeamua kwamba mpunga wa Rufiji unaliwa na ndege watatu. Sitini ikatulia kwenye kona, haitikisiki, na yeye akafurahi kama kafunga ndoa.

"Dada, namba ndiyo inayoongea," aliniambia. "Jumatatu nitumie huu. Ukinirudishia ule wa fujo, kazi nampa mtu mwingine."

Nilikuwa naihitaji kazi ile, nasema wazi. Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Mtawanya, nikamfungulia mama michezo yote miwili kwenye simu yake mwenyewe, ile yenye ufa. Alianza na wa ndege watatu. Akawafukuza, akangoja, akapiga miayo, akanirudishia simu huku akiuliza kama shamba hili limekwisha kuvunwa.

Nikampa wa kundi. Ndege wakatua, simu ikaanza kukwamakwama, namba ikaporomoka hadi kumi na nne, na mimi nikaona haya. Mama hakuwa na habari na haya yangu. Alikuwa ameinama, bega bovu limepanda lenyewe, anafukuza huku anatukana kwa Kindengereko. Kundi likaruka, likarudi kwenye matete lilikotoka, na namba ikaanza kupanda. Akaniuliza ni namba ya nini. Halafu akajijibu mwenyewe: ni ndege waliojificha. Wakitoka kuja kula, inashuka. Wakirudi kujificha, inapanda.

Sikumsahihisha. Niliangalia mchezo wangu mwenyewe na sikuona alipokosea. Shamba likawa tupu, mpunga umetulia, namba ikafika juu kabisa. Bwana wa mradi angepiga simu kuwaita wageni. Mama alikaza macho.

"Sitini," alisema. "Wote wamo kwenye matete. Usinisemeshe, mwanangu, wanakuja."

Wakaja kweli, na mimi machozi yakanitoka.

Jumatatu nilituma mchezo wa kundi, vijiti vyekundu vikiwa vyekundu. Kazi akapewa mtu mwingine, na hiyo ndiyo ahadi pekee ya bwana yule ninayojua kwamba aliitimiza. Nasikia mpaka leo anawaonyesha wageni shamba lake la ndege watatu, sitini imesimama kwenye kona, nao wanapiga makofi. Kwa hesabu ya mama yangu, ndege wote bado wamo kwenye matete.