Bunduki ya Mama Paulo na Nguruwe wa Rungwa

Mimi ni fundi redio wa Singida mjini, na nina ugonjwa mmoja ambao hospitali haiutibu: napenda bunduki za risasi moja. Sizungumzii hizi za kisasa zinazotema risasi kama cherehani. Napenda ile unayoifungua, ukaweka risasi moja, ukaifunga, na baada ya hapo ni wewe na Mungu wako. Ninazo mbili, zote zina leseni, zimefungiwa kwenye sanduku la chuma: gobore la marehemu babu, na shotigani ya mtutu mmoja niliyorithi kwa baba. Mke wangu, Mama Zuhura, anaziita wake wenzake. Anasema afadhali hao, hawadai vitenge.

Wakati wa masika akanipigia simu Mathayo, mkulima wa Rungwa niliyewahi kumtengenezea redio. "Kaka Idi," akasema, "kaka yangu amefariki, ameacha raifo ya zamani ya risasi moja. Sasa anayo shemeji yangu, Mama Paulo. Njoo uinunue kabla hajabadili mawazo. Mwanamke mjane na bunduki, wapi na wapi?"

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda polisi kuuliza utaratibu. Wakaniambia nikaione kwanza. Tukikubaliana, tuje wote wawili na karatasi zetu. Bunduki zangu nikaziacha sandukuni, nikabeba begi la nguo na mdomo wangu.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, basi lilitoka Singida. Kabla hatujafika Ikungi nilikuwa nimeshamweleza jirani yangu wa kiti, mama mmoja mwenye kuku kwenye kikapu, jinsi mwindaji wa kweli anavyojulikana kwa risasi moja. Mwenye risasi kumi, nilimwambia, ni mtu anayetupa mawe gizani. Yule mama alinisikiliza mpaka Manyoni. Alipokuwa akishuka akaniuliza, "Na wewe umeshaua wanyama wangapi?"

Nikamwambia kanga wawili. Mmoja, kusema kweli, alikuwa mgonjwa.

Itigi, saa saba mchana. Hapa nilikuwa na miadi na mwalimu mstaafu aliyenipa habari kwamba ana bastola ya risasi moja. Bastola ya namna hiyo sijawahi hata kuishika. Nilimkuta karibu na stesheni ya reli, amekaa nyuma ya madumu ya asali anayouza siku hizi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa bunduki? Kaa."

Akafungua mkoba wa ngozi, akatoa kitu kilichofungwa kwenye soksi. Nikakishika, nikakigeuza, nikachungulia mtutu. Mtutu ulikuwa umezibwa.

"Mwalimu, hii inatoka wapi risasi?"

"Risasi ya nini? Hii ni ya kuanzishia mbio. Nimefundisha michezo shule tatu. Unaweka fataki moja, unapiga, watoto wanakimbia."

"Lakini uliniambia ni bastola."

"Hukuniuliza bastola ya nini."

"Kwa hiyo haiui?"

"Inaua usingizi," akasema mwalimu, akanimiminia asali kwenye kifuniko nionje. Nikanunua dumu moja kwa aibu.

Jumanne asubuhi nikapanda basi la kwenda Rungwa. Njia ilikuwa na tope, na kile kichaka cha Itigi kimeibana pande zote mbili, hata ukitaka kuchungulia swala huoni kitu zaidi ya miba. Mbung'o waliingia dirishani bila tiketi. Tulikwama mara mbili, tukasukuma mara mbili, na mara ya pili kiatu changu kimoja kilibaki kwenye tope. Saa kumi jioni nikafika Rungwa na kiatu kimoja, dumu la asali na hamu ileile.

Mathayo alinipokea kituoni kwa furaha kubwa, akanipeleka hadi kwa shemeji yake na kuniaga haraka, akisema ana ng'ombe wa kufunga.

Mama Paulo ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mfugaji wa nyuki. Alitazama dumu langu, akatazama mguu wangu. "Umetuletea asali Rungwa," akasema. "Na mbuyuni huku utapeleka kivuli?" Akacheka, akanipa ndala za marehemu.

Baada ya ugali na mlenda akaileta raifo. Ndugu zangu, nilinyamaza, na wanaonijua watashangaa. Unashusha wenzo ulio chini ya kifyatulio, mlango mdogo wa chuma unateremka, unatumbukiza risasi, unapandisha wenzo, mlango unajifunga. Basi. Kitako kilikuwa kimelainishwa na shavu la mtu mmoja kwa miaka mingi.

"Marehemu alikuwa na leseni ya uwindaji," alisema Mama Paulo. "Anatoka na risasi tatu, anarudi na nyama na risasi mbili. Siku nyingine anarudi na risasi tatu na stori. Mimi alinifundisha mwenyewe. Sasa leseni ya bunduki iko kwa jina langu."

"Kwa nini unaiuza, mama?"

"Nimechoka maneno. Shemeji kila siku ananiambia niiondoe, italeta balaa. Na anasema haina kazi, maana nguruwe pori wanamaliza mahindi yangu na mimi nimelala nayo. Hapo hakosei. Nyayo zao nimeziona. Ofisa wanyamapori amenipa kibali cha kulinda shamba, lakini sijawahi kuwakuta." Kisha akasema, "Alfajiri twende. Uione ikifanya kazi, halafu tuzungumze bei."

Nilimkumbusha kwamba mimi ni Mwislamu. Akasema hakuna aliyenialika kula.

Jumatano, kabla jua halijatoka, tulikuwa tumechutama ukingoni mwa shamba. Bunduki ilikuwa mikononi mwake, kwa sababu leseni ni yake. Mimi nilikuwa na ndala za marehemu na baridi. Kulikuwa na mwanga wa kutosha kuona safu za mahindi, ila si wa kutosha kuona ndani yake. Alikuwa na risasi moja tu. Hiyo ndiyo iliyobaki.

Mahindi yakatikisika. Mahali pamoja, chini, hatua kama thelathini mbele yetu. Yakatulia. Yakatikisika tena, na nikaona mgongo mweusi.

"Yule pale!" nikanong'ona. "Piga, mama."

Alikuwa ameshaiweka begani. Hakupiga.

"Piga! Atakimbia!"

"Akikimbia amekimbia."

"Mama, piga sasa!"

"Bwana Idi, nina moja. Sijaona kichwa. Nyamaza."

Mgongo ukasogea. Nilisikia bua likivunjika, *ka*. Nilikuwa nimeuma kidole changu kwa hasira. Nilimwona mwoga. Nilifikiri, laiti ningekuwa mimi.

Ndipo nguruwe akapiga chafya, akasema, "Ee Bwana Yesu," akasimama, akapandisha suruali.

Alikuwa Mathayo. Amevaa koti jeusi la mvua, na mkononi ana kiroba cha mahindi mabichi.

Mama Paulo aliishusha bunduki taratibu mpaka mtutu ukaangalia chini. Akashusha wenzo, akaitoa risasi. Ilimponyoka, ikaanguka majanini. Akainama, akaipapasa mara mbili ndipo akaiokota.

"Shemeji," akaita.

Mathayo akageuka. Aliona bunduki, akakaa chini palepale, kiroba mapajani.

Yote yakatoka pale kwenye umande. Nguruwe walikuja kweli, mara mbili, mwezi uliopita. Baada ya hapo yeye ndiye aliyeendelea kwa jina lao. Shamba lake mwenyewe lilikuwa limezama kwenye maji, na nyumbani ana watoto sita. Kilichomtisha ni ile bunduki, ndiyo maana akanipigia mimi simu nije niichukue niende nayo Singida.

"Kwa nini hukuniomba?" Mama Paulo alimuuliza. Sauti yake ilikuwa ya kilio. "Ningekunyima mahindi, mimi?"

"Niliona aibu, shemeji."

"Uliona aibu. Na mimi ningewaambia nini wanao? Kwamba nilidhani ni nguruwe?"

Mathayo akainamia kiroba, akalia. Mama Paulo akamfuta uso kwa kitenge chake, kwa nguvu, kama unavyomfuta mtoto makamasi. Halafu akamwambia ajaze kiroba, kisiwe nusu, na aje tena Jumamosi, mchana, apite mlangoni.

Kuhusu bei hatukuzungumza. Wakati wa chai aliniambia tu, "Haiuzwi tena, baba. Usinichukie." Nikamwambia simchukii. Nilikuwa sijamwangalia usoni tangu shambani. Yeye akaliona hilo, akasema polepole, "Na marehemu naye alikuwa akiniambia piga, piga, nikiwa nimeishika mimi. Akiishika mwenyewe ananyamaza."

Alhamisi nikarudi. Basi halikukwama, wala sikumhubiria mtu.

Nyumbani nilimsimulia Mama Zuhura safari nzima. Alicheka sana kwenye bastola ya mwalimu, akacheka mpaka machozi kwenye suruali ya Mathayo. Lile neno nililolisema mara tatu kwenye mahindi nililiruka. Siku ya nne nikaona hakuliki wala hakulaliki, nikamwambia.

Akaacha kuchambua mchele. "Ungekuwa umeishika wewe, ungepiga?"

"Ningepiga."

Hakucheka, na hakunigombeza pia. Alirudi kwenye mchele wake, na baada ya muda akanisogezea ungo nimsaidie.

Wateja wangu wakiniuliza uzuri wa bunduki ya risasi moja ni nini, zamani nilikuwa nawajibu shabaha, nao wananiinulia vidole gumba. Sasa nawaambia kwamba inakupa sababu ya kungoja uone kichwa. Wengi wananitazama kama nimepungukiwa, wanachukua redio zao, wanaondoka.